Pikapu, mafuta na jina la mkulima

Nilipotea, semina ya historia ilinibana. Rumeti alidai pikapu kubwa za Marekani zinakunywa mafuta kwa sababu ya injini tu. Nikabisha.

Ishu ilianza 1973, Waarabu walipoifungia Marekani mafuta. Januari 1974 Nixon akasaini sheria: barabara kuu mwisho maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88. Mantiki ipo, maana ukizidisha mwendo mara mbili, upepo unakukaba mara nne.

Mwaka 1975 ikaja sheria ya viwango vya mafuta. Magari madogo yakapangiwa wastani wa maili 27.5 kwa galoni ifikapo 1985. Pikapu na wenzake wakaonewa huruma, eti vyombo vya kazi: 1996 hadi 2004 walidaiwa 20.7 tu! Kumbe watu wa mjini nao wanazipelekea watoto shule.

Baadaye mambo yakabadilika. Ford F-150 ya 2015 ikavaa bodi ya aluminiamu. Silverado ya dizeli ya 2020 ikapimwa maili 33 barabara kuu, kama kilomita 14 kwa lita.

Rumeti kanuna, ila hoja yangu ndiyo hiyo: nafuu ya mkulima ililiwa na wasioshika jembe. Haya, nakimbilia lekcha!