Washington Ilipojaa

Ukitaja Washington, picha inayokuja ni ule uwanja mrefu wa nyasi: Bunge huku, Lincoln ameketi kitini kule, na katikati mnara mweupe wa mita 169. Wenyewe wanauita Mall, na hapauzwi viatu. Ni kama kilomita tatu hivi, na kila Mmarekani mwenye wafu wake anataka kipande hapo.

Pierre L'Enfant, Mfaransa aliyechora mji ule mwaka wa 1791, alitaka barabara pana yenye bustani kandokando. Sura ya sasa ilitoka kwa kamati ya Seneta McMillan, 1901 hadi 1902. Lakini presha ya kweli, kwa maoni yangu, ilianza na ukuta wa Vietnam mwaka wa 1982. Aliyeubuni, Maya Lin, alishinda shindano akiwa mwanafunzi wa miaka 21. (Mimi umri huo nilikuwa nishaacha chuo, lakini hiyo ni stori nyingine.) Ukuta una majina zaidi ya 58,000. Watu walifika wakagusa jina la ndugu yao, wakalia, wakaacha barua. Waliopigana vita vingine wakaona na kuuliza: na sisi je?

Mwaka wa 1986 ikapitishwa sheria: mtu hapewi mnara kabla ya miaka 25 tangu afe, na Bunge lazima likubali. Wapi! Korea ikaingia 1995. Ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyofunguliwa 2004, ikawekwa katikati kabisa, kati ya Lincoln na ule mnara mweupe, na waliopinga wakaenda mpaka kortini.

Ndipo wapangaji wa mji mkuu, mwaka wa 2001, wakatoa ramani ya sehemu 100 nje ya msongamano: kando ya mto Anacostia, kwenye makutano ya barabara, mitaani kwa watu. Miaka miwili baadaye sheria ikaufunga Mall. Kazi imekamilika, ikasema, hakuna mnara mpya.

Kwenye karatasi, mpango safi. Shida yangu ni foleni. Ukifunga mlango, waliotangulia wanabaki ndani, na waliotangulia wanajulikana. Aliyenyimwa nafasi miaka 100 ndiye anaambiwa leo, pole, kumejaa.

Ila kuna mnara mmoja unaonisumbua. Askari weusi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe walipata wao 1998, mbali na Mall, pale U Street, mtaa wa watu weusi uliochomeka 1968 baada ya King kuuawa. Majina 209,145, pamoja na maofisa wao. Unatoka stesheni ya treni ya chini ya ardhi, hao hapo. Mtu anawapita akienda kazini, anarudi jioni anawapita tena. Walisukumwa pembeni au walirudishwa nyumbani? Mimi nasema vyote viwili, na cha pili hakifuti cha kwanza.

Na kufuli lenyewe halikudumu. Desemba 2021, Bunge liliruhusu mnara wa vita dhidi ya ugaidi ujengwe ndani ya eneo lililofungwa. Eisenhower, jenerali na rais, alikuwa ameshafunguliwa wake mwaka mmoja kabla, nje ya Mall, mbele ya Wizara ya Elimu.