Mvua Kama Kazi Tangulizi: Upangaji wa Ratiba za Miradi Kaskazini mwa Ziwa Nyasa Tangu 1893

Vitabu vinavyofundisha misingi ya usimamizi wa miradi huianza historia ya ratiba nchini Marekani. Mwanafunzi huelezwa kwamba Henry Gantt alieneza jedwali la mistari katika miaka ya 1910. Kwamba mnamo 1957 Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walibuni njia ya kuubaini mfululizo wa kazi ambao, ikichelewa mojawapo, mradi wote huchelewa. Na kwamba mwaka uliofuata Jeshi la Majini la nchi hiyo lilitumia mbinu inayokaribiana nayo katika mradi wa makombora ya Polaris. Hayo ni kweli. Hata hivyo, jedwali analofundishwa mwanafunzi huyo hudhani kwamba siku moja ya kazi ni sawa na nyingine. Insha hii inadai kwamba katika uwanda wa Kyela dhana hiyo haijapata kusimama, na kwamba miradi iliyofanyika huko inaeleweka vizuri zaidi pale mvua inapohesabiwa kuwa kazi tangulizi, yaani jambo ambalo lazima lipite ndipo jingine lianze, badala ya kuwa ajali inayoombewa udhuru.

Ipinda ipo katika uwanda huo, kwenye njia ya kutoka Kyela kwenda Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka nyanda za juu na kumwaga maji yake ziwani. Mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Huanza kati ya Novemba na Desemba, hufikia kilele Machi na Aprili, kisha hupungua baada ya Mei. Mkulima wa mpunga hupanga kila kitu kwa kufuata mwendo huo. Hawezi kulima kwa ng'ombe kabla ardhi haijalainika. Akichelewa kupanda, palizi hugongana na mafuriko. Na mpunga ukikomaa, kuamia ndege hakuwezi kuahirishwa hata kwa siku moja. Kuezeka nyumba, kinyume chake, kuna nafasi: kunaweza kufanywa Julai, Agosti au Septemba bila hasara. Tofauti hii kati ya kazi isiyongoja na kazi yenye muda wa akiba ndiyo kiini cha somo linalofundishwa vyuoni kwa mishale na visanduku.

Mmojawapo wa miradi mikubwa ya awali ya kigeni katika sehemu hii ya ziwa ulikuwa meli. Ziwa Nyasa halifikiki kwa chombo kutoka baharini, kwa sababu maporomoko ya mto Shire hufunga njia. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ililazimika kusafirishwa ikiwa vipande: kwanza hadi mlango wa Zambezi, kisha kwa mashua katika Zambezi na Shire, halafu kwa mabega ya wapagazi kuyazunguka maporomoko, ndipo ikaungwa na kushushwa majini mwaka 1893. Mwaka huohuo kituo cha Langenburg kilianzishwa kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki. Mpangaji wa mradi wa namna hii hakabiliwi na ugumu wa umbali peke yake. Kina cha mto hubadilika kwa majira, na kipande kimoja kikichelewa njiani, mafundi wote hukaa wakisubiri, kwa kuwa bamba la ubavu haliwezi kupigwa ribiti kabla mbavu zake hazijasimama. Historia za ukoloni humtaja Wissmann kwa urefu na wapagazi kwa sentensi moja, ilhali ratiba nzima ilisimama juu ya mwendo wa miguu yao.

Meli hiyohiyo inatoa mfano mwingine, wa kejeli kidogo. Mnamo Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, leo Liuli. Waingereza wa meli Guendolen walipata habari za vita mapema kuliko Wajerumani, wakaja na kuiharibu ikiwa hapo. Matengenezo yenyewe yalikuwa ya busara. Kilichokosekana ni habari za kuwaambia wahusika kwamba ratiba yao imekwisha kubatilika.

Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa Oktoba 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, haikufika Kyela. Ilipita Mbeya, juu ya mteremko. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi mfululizo usiongoja unavyotambuliwa mapema. Katika kilomita 1,860 za njia hiyo, kipande kigumu kuliko vyote ni kile kati ya Mlimba na Makambako, kisichofika kilomita 160, kwa kuwa mahandaki na madaraja mengi yamerundikana humo. Kutandika reli kungeweza kuharakishwa kwa kuongeza watu, lakini handaki lina uso mmoja au miwili tu ya kuchimbia, na watu zaidi hawaliharakishi kwa kiasi hicho. Kwa hiyo muda wa mradi ulitegemea milima hiyo.

Kwenye ufuko wenyewe, sharti la 1893 halijaondoka. Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, zenye uwezo wa tani 1,000 kila moja, na MV Mbeya II ya abiria 200, ziliundwa Itungi, kandokando ya maji, kwa vifaa vilivyoletwa kwa barabara. Shughuli za bandari nazo zimelazimika kusogea Kiwira, kwa sababu mchanga unaoletwa na mito huijaza Itungi. Huu ni mfano wa kazi isiyo na tarehe ya kumalizika, na majedwali ya kawaida hayana mstari wa kuionyesha.

Barabara ya lami ya Kikusya–Ipinda–Matema, yenye urefu wa takriban kilomita 39, inalirudisha suala hili mlangoni pa Ipinda. Udongo uliolowa kupita kiasi haushindiliki, na msingi wa daraja hauchimbwi mto ukiwa umejaa. Miezi ya uhakika kwa kazi za udongo ni Juni hadi Oktoba, na mkataba unaosainiwa Novemba huwa umekwisha kupoteza nusu mwaka kabla mtambo haujafika. Gharama ya pili haionekani kirahisi. Ratiba huandika idadi ya vibarua kana kwamba ni ileile mwaka mzima. Mvua za kwanza zinapoanguka, vibarua hao hawaonekani kambini. Mpangaji asiye mwenyeji huandika kwamba wametoroka, ilhali wapo umbali wa kutembea tu, nyuma ya majembe ya ng'ombe, wakilima mashamba ya mpunga kabla maji hayajawatangulia.