Kilichomo Mtumbani

Neno mtumba limeshuka cheo. Ukilitaja leo mjini Tabora, msikilizaji anaona shati la Ulaya lililotundikwa sokoni. Karne moja na nusu iliyopita, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mtumba ulikuwa robota la nguo begani mwa mpagazi.

Mwaka 1873 ulipita mtumba wenye maiti. Mmisionari na msafiri David Livingstone alifariki Mei mwaka huo kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Walipoendelea mbele, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti kupita kwao. Wapagazi wakafunga mabua kwa umbo la mtu, wakawatuma wenzao wayarudishe Unyanyembe, yaani upande wa Tabora, kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama bidhaa, safari ikaendelea. Ulifika Bagamoyo Februari 1874, ukazikwa London Aprili.

Waliyoyafanya hayo tuyaiteje, siri au stara? Maneno yote mawili tuliyapata kwa Waarabu, lakini hayalali kitanda kimoja. Siri ni jambo lililofichwa, liwe jema au ovu. Stara ni kifuniko, na ndani yake mna heshima ya anayefunikwa. Ndiyo maana husikii mtu akiomba dua Mungu amfanyie siri, bali amstiri. Kuna na faragha, ambayo katika Kiarabu chimbuko lake ni utupu, nafasi isiyo na kitu. Anayeomba faragha anaomba chumba tu, wala hajasema atafanya nini humo.

Mashuhuri nalo lina ukoo wa ajabu. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa neno la mwezi, kwa kuwa mwezi unapoandama huonekana na wote. Mshahara, malipo ya kila mwezi, ni binamu yake. Na Wanyamwezi, kwa maelezo yaliyozoeleka, waliitwa hivyo na watu wa Pwani kwa kuwa walitoka magharibi, upande ambao mwezi mchanga huonekana. Basi mtu mashuhuri ni mwezi: hawezi kuwakataza watu kuinua macho. Lakini hata mwezi una siku zake za kutoonekana, na hatuendi kuutafuta kwa tochi.

Anayekwenda na tochi tunamwita mdaku. Tulikuwa naye kabla ya magazeti ya udaku kumpa ajira: mtu anayechungulia ya wenzake akayasimulie. Mwandishi wa habari naye huchungulia na kusimulia. Kwa kazi ya mikono hutawatofautisha; tazama wanachokileta.

Katiba ya Tanzania imewapa makao wote, anayechunguliwa na anayesimulia. Ibara ya 16 inalinda faragha, ya 18 inalinda uhuru wa maoni na wa kupata habari. Katikati yao imelala ya 17, uhuru wa mtu kwenda atakako. Sidhani waandishi wa Katiba walikusudia, lakini mimi huiona kama njia ya msafara kati ya nyumba mbili zisizoelewana.

Nyumba hizo zikigombana, mahakama hutoa zuio. Hapo ndipo lugha inaponipungukia. Zuio ni neno zuri, fupi, lakini halisemi linamzuia nani wala linamlinda nani. Uingereza, Oktoba 2009, gazeti la Guardian lilizuiwa kuripoti hata swali la mbunge, kwa sababu lilihusu kampuni ya Trafigura na taka zenye sumu zilizotupwa Abidjan mwaka 2006. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya huko huko ikaendeleza zuio kwa mtu mashuhuri aliyetajwa kwa herufi tatu tu, PJS, juu ya mambo yake ya chumbani. Naye alikuwa na watoto wadogo. Kwa Kiswahili chetu yote mawili ni zuio. Mimi ningeliita la pili zuio la stara, na la kwanza zuio la siri.

Njia ya Tabora ilikwisha kuzitenga siri na stara. Tarehe 14 Machi 1872 Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta mtu mashuhuri, aliondoka Kwihara na barua za Livingstone. Ndani ya barua hizo mlikuwa na habari za soko la Nyangwe, Kongo ya leo, ambako Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwamiminia risasi wanunuzi na wauzaji, wengi wao wanawake. Barua zilichapishwa, hasira ikapanda Uingereza, shinikizo juu ya Zanzibar likaongezeka. Juni 1873 soko la watumwa la huko likafungwa.

Miezi michache baadaye ulipita mtumba wa akina Susi, ukielekea Pwani ile ile. Aliyefunikwa alikuwa mtu mmoja ambaye dunia nzima ilimjua kwa jina. Waliosemwa katika barua walikuwa wanawake wa sokoni, na majina yao dunia haikuyajua.