Seiko ya baba na saa za James Bond

 

Kaka ameuliza: Seiko ya marehemu baba si ndiyo aliyovaa James Bond? Tuiuze? Ngoja nikupe historia. Sean Connery mwaka 1962 alivaa Rolex. George Lazenby, mzaliwa wa Goulburn, jimbo letu hili la New South Wales, naye akavaa Rolex mwaka 1969. Aliyevaa Seiko ni Roger Moore, 1977, lakini ile ya tarakimu, iliyomtolea ujumbe kwenye ukanda mwembamba. Tangu 1995 ni Omega. Wanaokusanya saa hizo hutafuta aina ileile ya kwenye filamu. Ya baba ni ya mishale, si ile ya 1977. Ila kwa mshale wake wa sekunde ndipo nilipojifunza kuhesabu mapigo ya moyo.

Kaka, nakuomba, usiiuze.