Toa Lile Bao: Hukumu ya Shabiki Baada ya Ushindi

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Yanga iliifunga Simba mabao 5-1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Hadi mapumziko ubao ulisomeka 1-1: Kennedy Musonda alitangulia kufunga, Kibu Denis akasawazisha. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli akaongeza mawili, Stephane Aziz Ki moja, na Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Siku mbili baadaye Simba ikaachana na kocha wake, Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho. Mechi hiyo moja ilizaa mazungumzo ya aina mbili. Walioshindwa waliuliza nani katuponza, na jibu lilipatikana upesi, likafungashiwa virago. Walioshinda waliuliza nani kaupiga mwingi, na swali hilo halina kocha wa kufukuzwa. Nadai hapa kwamba mazungumzo haya ya pili, ambayo watu wengi huyaona kuwa ni kelele za furaha tu, ndiyo uhakiki halisi wa kandanda tulio nao, na kwamba ushindi ndio unaouwezesha kwa sababu unamwondolea shabiki haja ya kumtafuta mchawi.

Neno "mchawi" silitumii kwa mapambo. Mazungumzo ya kushindwa katika kandanda yetu yana watuhumiwa wake wa kudumu: refa kanunuliwa, kipa kala mlungula, viongozi wamefanya hujuma, "kamati ya ufundi" imelala (na kila mpenzi wa mpira anajua kamati hiyo hushughulikia ufundi wa aina gani). Tuhuma hizi zinafanana katika jambo moja: zinaeleza matokeo bila kuutazama mchezo. Anayeamini kwamba kipa alihongwa hana sababu ya kuuliza kama beki wa kushoto alipanda mno akaacha uwazi nyuma yake, wala kama viungo wawili walikuwa wakikanyagana katika eneo lilelile. Kushindwa kunahitaji nia mbaya ya mtu fulani, na nia haionekani uwanjani. Ushindi hauhitaji maelezo ya namna hiyo. Alama tatu zimekwisha kuingia kapuni na hakuna anayeweza kuzitoa. Ndipo watu wanapata utulivu wa kuuliza juu ya mpira wenyewe: nani alikaba, nani alizurura, nani alikuwa akirudisha nyuma kila pasi kama anaogopa kudaiwa.

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa lugha. Tuutazame usemi wenyewe: kuupiga mwingi. Nomino mpira imedondoshwa, lakini alama zake za upatanisho zimebaki, u ndani ya kitenzi na mw- katika mwingi. Msikilizaji anaujaza mpira mwenyewe. Usemi huu hausemi chochote kuhusu bao. Mtu anaweza kuupiga mwingi na timu yake ikafungwa, na anaweza kufunga mawili bila kuupiga hata kidogo. Sambamba nao kuna "kupata matokeo", ambao kwa maana ya kawaida ungehusu matokeo ya aina yoyote, ila kwa wanamichezo wa Tanzania umefinywa ukamaanisha kushinda. Kocha akisema "tumepata matokeo", hakuna anayemuuliza matokeo gani. Kwa hiyo mashabiki wenyewe, bila kamati ya istilahi, wametenga msamiati wa kiwango na msamiati wa tija. Wanaweza kusema, na husema, "tumepata matokeo lakini hatujacheza". Lugha ambayo ina maneno tofauti kwa vitu viwili inawarahisishia wasemaji wake kuvitofautisha, na usemi huu umeonekana wa manufaa kiasi cha kuvuka mipaka ya uwanja. Baada ya Samia Suluhu Hassan kuapishwa kuwa Rais mwezi Machi 2021, "Mama anaupiga mwingi" ikawa kaulimbiu ya wanaomuunga mkono. Siasa ilipotaka kusifu utendaji, ilikwenda kuazima kwa mashabiki wa mpira.

Pingamizi la kwanza ni zito. Wanasaikolojia Jonathan Baron na John Hershey walionyesha mwaka 1988 kwamba watu huusifu zaidi uamuzi uleule wanapoambiwa kuwa ulizaa matunda mema kuliko wanapoambiwa kuwa ulizaa mabaya, hata pale wanapokiri kwamba matunda hayapaswi kuingia katika hesabu. Ikiwa ndivyo, basi shabiki aliyeshinda ndiye hakimu wa mwisho wa kuaminiwa: bao limempaka kila mtu dhahabu. Sikatai kwamba ugonjwa huu upo. Tarehe 23 Februari 2021 Simba iliifunga Al Ahly, waliokuwa mabingwa wa Afrika, bao 1-0 la Luis Miquissone, na mwaka huohuo Al Ahly ikamsajili. Shuti moja lilibeba tathmini ya dakika tisini, na kwa wengine lilibeba tathmini ya mchezaji mzima. Lakini tuwasikilize watu wanavyojibizana kijiweni baada ya ushindi wa aina hiyo, muuza kahawa akiwa bado anagonganisha vikombe vyake. Mmoja anamsifu mshambuliaji aliyefunga. Wa pili anamkata: "Kaka, toa lile bao, uniambie kafanya nini kingine." Wa kwanza anajitetea: "Straika kasajiliwa afunge, hajasajiliwa akimbize upepo." Wa pili harudi nyuma: "Sawa. Na aliyenyang'anya ule mpira kule katikati, yeye alisajiliwa afanye nini?"

"Toa lile bao" ni kipimo. Kinamtaka msikilizaji aifute kichwani sehemu ya mchezo inayong'aa kupita kiasi, kisha apime kilichobaki. Baron na Hershey wangekitambua mara moja, kwa kuwa kinalenga upotofu uleule walioueleza. Hakiuponyi kila mara, ila ni muhimu kwamba kimetoka ndani ya mjadala wenyewe na kinatumiwa na watu ambao hawakufundishwa darasani kuhofia matokeo. Tena kinatumika dhidi ya mtu wa upande wao. Swali la pili katika mabishano yale, la aliyenyang'anya mpira, linafuata mnyororo kinyumenyume kutoka bao hadi chanzo chake, na ndilo linalowafikisha mashabiki kwa wachezaji wasioandikwa ubaoni. Khalid Aucho, Mganda aliyejiunga na Yanga mwaka 2021, hakujengewa jina na mabao. Waliompa sifa, hata wakamwita Daktari, walikuwa watu waliouangalia mpira kabla haujafika kwa wafungaji kama Mayele au Aziz Ki. Jina la "mkata umeme", analoitwa kiungo wa aina yake, ni istilahi ya kihakiki iliyokamilika: inaeleza kazi ya kuzima shambulio kabla halijawaka, na inaieleza kwa picha ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaielewa bila kamusi.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Algiers. Tarehe 28 Mei 2023 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tarehe 3 Juni ikashinda 1-0 ugenini kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla ikawa 2-2, na kanuni ya bao la ugenini ikawapa Waarabu kombe. Hapo kushinda mechi na kulipata kombe viliachana njia mbele ya macho ya watu. Kama tathmini ya mashabiki ingekuwa mtumwa wa matokeo, hawangekuwa na la kusema juu ya mechi ile, maana hawangejua ni matokeo yapi ya kuyatii. Badala yake ilibidi kuulizwa swali gumu: kama uwezo wa kuwafunga wale jamaa kwao ulikuwapo, ulikwenda wapi siku ile nyumbani? Hilo ni swali la kimbinu, na halijibiki kwa kumtaja refa.

Pingamizi la pili linahusu macho ya shabiki. Mwaka 1954 Albert Hastorf na Hadley Cantril walichapisha utafiti kuhusu mechi ya mpira wa Kimarekani ya mwaka 1951 baina ya Princeton na Dartmouth, ambayo Princeton ilishinda. Wanafunzi wa vyuo hivyo viwili walionyeshwa filamu ileile. Wale wa Princeton waliona Dartmouth ikifanya makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Kwa ufupi, kila upande uliona mechi yake. Utafiti huu hutajwa kila anapotakiwa kudharauliwa shabiki, nami naukubali wote. Ila tuangalie ulichopima: makosa, tena baina ya pande mbili zenye uhasama. Ni mazungumzo ya "sisi" na "wao", yaani ule utani wa Utopolo (Yanga) na Makolo (Simba), wa kunyoosheana vidole vitano ambao Simba waliufurahia tangu 5-0 ya Mei 2012 hadi Yanga walipowarudishia mkono. Mjadala ninaoutetea hauko hapo. Mabishano juu ya nani alikuwa bora kati ya Nzengeli na Pacome ni ya Yanga kwa Yanga. Mapenzi ya jezi yamegawanywa sawa kwa wote, kwa hiyo hayawezi kuamua kesi. Atakayeshinda hoja ni lazima alete tukio: dakika gani, upande gani, pasi ya nani.

Wengine watasema kwamba hayo yote yamepitwa na wakati kwa kuwa sasa kuna takwimu. Takwimu ni shahidi mzuri anapoulizwa vizuri. Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alianza kunakili kila pasi ya mechi za Swindon Town mwaka 1950, na mwaka 1968 akiwa na Bernard Benjamin akachapisha makala ambayo data zake zilionyesha kwamba mabao mengi hutokana na mifululizo mifupi ya pasi. Waliohitimisha kutoka hapo kwamba mpira mrefu ndio bora walisahau jambo dogo: mifululizo mingi ya pasi katika mechi yoyote ni mifupi, kwa hiyo ni lazima mabao mengi yatokane nayo. Hesabu haikuwa na kosa, swali ndilo lililokosewa. Mashabiki wanaobishana hawashindani na takwimu, wanazitengenezea maswali. Idadi ya pasi za kiungo haituambii kama alizipiga mbele au alikuwa akizirudisha kwa beki wake, mpaka ajitokeze mtu wa kubisha.

Lipo pingamizi la tatu, ambalo siwezi kulijibu lote. Uhuru wa kukosoa baada ya ushindi huweza kugeuka ukatili: kijana aliyekosa bao la wazi katika mechi ya 3-0 anasakamwa wiki nzima, kana kwamba timu ilishuka daraja. Wanaosakama hujikinga kwa methali, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wanaotetea hujibu kwa nyingine, chanda chema huvikwa pete. Ukizisikiliza kwa makini, methali hizi ni nadharia mbili za malezi ya mchezaji, moja ikiamini kwamba sifa hulegeza na nyingine kwamba hujenga, na kijiwe hakijawahi kuzipatanisha. Pia kijiwe si bunge la haki. Mwenye sauti kubwa hutangulia, na mara nyingi waliokaa kwenye benchi ni wanaume watupu ingawa jukwaani wanawake ni wengi. Hukumu inayotolewa pale ina upungufu wa wale ambao hawakualikwa kuketi. Bado ni hukumu, na ina taratibu zake za ushahidi, jambo ambalo haliwezi kusemwa juu ya tuhuma za mlungula.

Wasomi wa historia ya mji wameifanyia kandanda yetu kazi ya heshima: Laura Fair kwa Zanzibar ya enzi ya ukoloni, Tadasu Tsuruta kwa Simba na Yanga katika ukuaji wa Dar es Salaam. Walichunguza klabu, tabaka, mitaa na siasa. Namna shabiki anavyoupima mchezo haijapata mwandishi wa kiwango hicho, na bila mwandishi hupotea haraka. Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu. Mabao yake yamehifadhiwa kwa sababu ubao huhifadhi wafungaji. Nani alikata umeme siku ile, nani alitolewa "lile bao" akabaki bila kitu, watu walibishana nini Kariakoo usiku ule, hayo yamo vichwani mwa waliokuwapo. Aliyekuwa na miaka kumi na mitano jukwaani siku hiyo amekwisha kuvuka sitini. Wanafunzi wa isimu na wa historia wawaendee na vinasa sauti, na wawaendee sasa.