Tarehe ya Kamera ya Kioo: Mafundi wa Dresden na Warithi Wao

Mpiga picha wa karne ya 19 alifanya kazi akiwa amejifunika kitambaa cheusi kichwani. Aliitazama taswira kwenye kioo chenye ukungu nyuma ya kamera, miguu juu kichwa chini, akasogeza lenzi mpaka ikakolea, kisha akakiondoa kioo na kupachika bamba la kupigia picha mahali pake. Tangu hapo hakuona tena kitu. Mtoto akigeuza uso, yeye hana habari mpaka bamba lisafishwe.

Dawa ilikwisha kujulikana kabla ya upigaji picha wenyewe kuzaliwa. Mwaka 1685 mtawa wa Kijerumani, Johann Zahn, alichapisha michoro ya visanduku vya wachoraji vyenye kioo cha kujitazamia kilicholazwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi, kikiirusha taswira juu ili mtu aitazame akiwa ameinama. Mwaka 1861 Mwingereza Thomas Sutton akasajili hataza ya kamera iliyofuata njia hiyo: kioo kikiwa chini unaona kile kile kinachoonwa na lenzi, kikiinuka mwanga unapita hadi kwenye bamba. Kuanzia 1898 Wamarekani wakaleta Graflex, nayo ikapendwa sana na wapiga picha wa magazeti. Ilikuwa kamera nzuri, ila ni sanduku la mbao la kukumbatiwa kwa mikono miwili.

Wakati huo mji wa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, ulikuwa umejaa karakana za kamera. Mwaka 1912 Mholanzi mmoja, Johan Steenbergen, alianzisha hapo kampuni iliyokuja kuitwa Ihagee. Kwa miaka mingi ilitengeneza kamera za kukunja na za bamba, kama jirani zake. Kisha mwaka 1925 ikatoka Leica ya Wetzlar, kamera ndogo ya kutia mfukoni iliyotumia filamu ya sinema, na biashara yote ikatikisika.

Leica ilikuwa na kasoro moja ambayo sifa zake haziifuti. Mpiga picha alitazama kupitia kidirisha kilicho pembeni ya lenzi, si kupitia lenzi yenyewe. Kwa kitu kilicho mbali haikudhuru. Kwa ua lililo karibu, au mdudu, au kwa lenzi ndefu ya kuvuta mbali, jicho liliona hili na filamu ikapata lile.

Ndipo fundi wa Ihagee, Karl Nüchterlein, akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote katika tarehe hii. Alichukua sanduku la Graflex na kamera za namna yake akalipunguza mpaka likaenea viganjani. Mwaka 1933 kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig ikaonyeshwa Exakta ya kwanza, yenye kutumia filamu ya kukunja ya namba 127. Miaka mitatu baadaye, 1936, kwenye maonyesho hayo hayo, ikatoka Kine Exakta: filamu ya sinema ya milimita 35, kila picha milimita 24 kwa 36, kioo ndani, lenzi za kubadilishwa. Kule Leningrad kiwanda cha GOMZ nacho kilikuwa na kamera yake ya namna hiyo, Sport, na wapenzi wa kamera hawajaacha kubishana nani alitangulia. La hakika ni kwamba Exakta ndiyo iliyouzwa duniani.

Ukiishika leo, inakuambia mengi juu ya aliyeibuni. Umbo lake si mstatili, limechongoka pembeni. Kitufe cha kupigia kiko mbele, upande wa kushoto, na mkono wa kusogezea filamu uko kushoto pia, nao unauzungusha safari ndefu karibu duara zima. Unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa, taswira iko pale kwenye kioo chenye ukungu, imesimama wima lakini kushoto na kulia vimebadilishana: mtu anayekimbilia kulia unamwona akienda kushoto. Pazia la kitambaa lililoko mbele ya filamu linaweza kufunguka kwa sekunde 12 nzima au kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na ndani kuna kisu kidogo. Ukiisha kupiga picha chache na una haraka ya kuzisafisha, unavuta kisu, filamu inakatwa, unachukua kipande chako na kilichobaki unaendelea nacho. Aliyekiweka kisu hicho alikuwa anawajua wapiga picha na shida zao.

Kasoro zilibaki mbili. Ya kwanza ni huko kubadilishana kwa kushoto na kulia. Ya pili, kioo kikishainuka kilibaki juu, na mpiga picha akabaki gizani hadi asogeze filamu.

Vita vikaingia. Steenbergen aliondoka Ujerumani mwaka 1942. Nüchterlein hakurudi kutoka vitani. Februari 1945 mabomu yakaiteketeza Dresden, na jengo la Ihagee likaenda nalo. Jirani yao wa kitongoji cha Niedersedlitz, kiwanda kilichotoa Praktiflex mwaka 1939, kilikuwa na msiba wake mapema zaidi: mwenyewe, Benno Thorsch, alikuwa Myahudi, na mwaka 1938 ikambidi abadilishane mali na Mmarekani Charles Noble aliyekuwa na biashara ya picha Detroit. Thorsch akaokoa roho yake. Noble akaja Dresden, na vita vilipokwisha Wasovieti wakamtia ndani yeye na mwanawe.

Wakati Dresden inazika wafu, mwenye akili mwingine alikuwa kazini Budapest. Jenő Dulovits alibuni kioo kinachorudi chenyewe mara tu picha inapopigwa, pamoja na namna ya kutazama kamera ikiwa usawa wa jicho na taswira ikiwa sahihi. Kamera yake, Duflex, ikatengenezwa na kampuni ya Gamma mwishoni mwa miaka ya 1940. Zilitoka chache mno, basi. Jina lake halitajwi inavyostahili, na hilo ni dhuluma.

Telemaco Corsi wa Roma akaonyesha Rectaflex mwaka 1948. Ilikuwa na prizimu juu yake, kipande kinene cha kioo chenye pembe zilizokatwa kwa hesabu, kinachovirudisha kushoto na kulia mahali pake. Na Dresden? Mitambo ya Contax ya zamani ya kampuni ya Zeiss Ikon, ile ya kidirisha cha pembeni, Wasovieti walikuwa wameihamishia Kiev. Mafundi wa Zeiss Ikon waliobaki wakaelekea kwenye kamera ya kioo, na mwaka 1949 wakatoa Contax S yenye prizimu, na lenzi ya kuingia kwa skrubu ya milimita 42. Mwaka 1950 Ihagee iliyofufuka ikatoa Exakta Varex, ambayo unaweza kuvua kifuniko cha kuinamia na kuvika prizimu. Ndiyo kamera aliyoishika James Stewart katika filamu Rear Window ya 1954.

Wajapani walikuwa wanatazama. Kampuni ya Asahi ya Tokyo ilitoa Asahiflex mwaka 1952, na mtu aliyewahi kushika Praktiflex atautambua ukoo. Mwaka 1954 wakaiwekea kioo cha kurudi. Mwaka 1957 ikaja Asahi Pentax: prizimu, kioo cha kurudi, mkono mfupi wa kusogezea filamu upande wa kulia, na skrubu ile ile ya Dresden, milimita 42. Hata jina Pentax lilikuwa limesajiliwa kwanza na Zeiss Ikon ya Dresden. Miaka miwili baadaye, 1959, Nikon F ikakusanya hayo yote katika kamera imara, ikaongeza mota ya kusogeza filamu, na waandishi wa habari wakaihamia.

Nikon F inastahili sifa ya kukamilisha kazi. Lakini kioo, prizimu, vifuniko vya kubadilishwa na kioo cha kurudi vyote vilikwisha kuwapo Ulaya kabla yake, na anayeandika kwamba kamera ya kioo ilizaliwa Tokyo anawanyang'anya haki yao Nüchterlein na Dulovits. Wewe msomaji, kama kuna kamera kuukuu ya skrubu nyumbani kwenu, ya babu au ya mjomba, ifungue lenzi na upime mdomo wake. Ikiwa ni milimita 42, iwe imetengenezwa Japani au Urusi, kipimo hicho kimetoka Dresden.