Hela ya Babu: Tuing'arishe au Tuiache?

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nina kesi ya sarafu.

Babu alipofariki, kwenye kopo la maziwa ya unga alimotunza risiti zake za kodi ya kichwa tulikuta sarafu moja nyeusi tii. Upande mmoja ina taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na herufi T. Upande wa pili imeandikwa 20 HELLER. Baba mdogo akaikwaruza kidogo pembeni, ikatoka rangi ya njano. Akakaa kitako.

"Mwanangu, hii ni dhahabu ya Mjerumani. Kamua limau, tia majivu, isugue mpaka ing'ae, tuitafutie mteja."

Nikamwomba anipe wiki moja.

D.O.A. ni Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani lililobeba Tanganyika, Rwanda na Burundi. Kuanzia 1904 rupia yao iligawanywa kwa heller 100, na sarafu zilitengenezwa Berlin na Hamburg. Hapo ndipo tulipopata neno hela. Mjerumani kaondoka, hela tunaitafuta mpaka leo!

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, manowari za Waingereza zikaziba pwani. Fedha kutoka Ulaya haikufika, na askari, wapagazi na wauza chakula walitaka malipo. Wajerumani wakaamua kujitengenezea wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Ndiyo maana ya ile T. Wakatumia shaba yoyote waliyoipata, yakiwemo maganda ya mizinga. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, kazi ikaishia hapo.

Je, dhahabu? Ilikuwepo, ila siyo hii. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, ilitengenezewa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilitoka 16,198 tu, na leo watu wanazigombania kwa maelfu ya dola. Yetu haina tembo. Ni shaba ya njano, na za aina yake zilitengenezwa zaidi ya milioni moja.

Sasa tuje kwenye limau. Asidi yake haichagui uchafu na sarafu, inakula vyote. Majivu nayo yanakwaruza. Ule weusi ni ngozi ambayo shaba imejiotea yenyewe kwa miaka zaidi ya mia, nayo inalinda kilicho chini yake. Zaidi ya hapo, kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa haraka, sarafu za Tabora hazifanani. Wakusanyaji wanazitofautisha kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L kwenye HELLER, kama zimechongoka au zimejikunja. Ukisugua, vitu vidogo kama hivyo ndivyo vinavyofutika kwanza. Utabaki na kipande cha shaba kinachong'aa kama kitasa cha mlango.

Na kuipeleka ikapimwe? Marekani kuna kampuni kama PCGS na NGC zinazokagua sarafu, zikaipa alama kati ya 1 na 70 na kuifungia kwenye plastiki. Iliyosuguliwa kwa kawaida haipewi namba, inaandikiwa tu kwamba ilisafishwa. Lakini kwa sarafu ya kawaida iliyochakaa kama yetu, nauli na ada ya kuipima ni kubwa kuliko bei yake sokoni. Ingekuwa tembo, ningesema ipelekwe kesho asubuhi.

Kwa hiyo nimeamua: hatusugui, hatupimishi. Nimeifunga kwenye bahasha ya karatasi kavu, na anayetaka kuiona anaishika kwa ukingo.

Baba mdogo hakufurahi. Alishapiga hesabu ya ada za shule, na siwezi kumlaumu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Sasa baba aliificha ya nini miaka yote hiyo, kama haina bei?"

Sikuwa na jibu. Babu alizaliwa baada ya Wajerumani kuondoka, kwa hiyo hata yeye alirithishwa. Huenda aliyempa aliipata kwa kubeba mzigo wa vita isiyomhusu. Ule weusi tuliotaka kuutoa kwa limau umepita kwenye mikono yao.

Haya, kafungueni makopo ya babu zenu. Ila limau liacheni jikoni.

Tuko pamoja.